Drishyam ya kwanza ni ipi?

SWALI: Shikamoo dada. Kwenye kibanda umiza tumebishana mpaka mwenye banda akazima runinga. Mimi nasema filamu ya Drishyam ni ya mwigizaji Ajay Devgn, jirani anasema hiyo ni marudio tu. Nani mkweli?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jirani yako. Ya Devgn ni ya 2015, kwa Kihindi. Ya kwanza ilitoka 2013 kwa Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala, kusini mwa India. Aliiandika na kuiongoza Jeethu Joseph. Kabla ya Kihindi ilikwisharudiwa kwa Kikannada, Kitelugu na Kitamil.

Lakini mtazame Mohanlal, nyota wa hiyo ya 2013! Ndiye Georgekutty, mwenye biashara ya televisheni ya kebo aliyeishia darasa la nne, akili yake yote kaichota kwenye sinema anazotazama ofisini usiku. Devgn kakaza uso tangu mwanzo. Mohanlal anacheka, anabania hela, anataniana na mkewe, kwa hiyo polisi wakija unatetemeka kama wamemfuata shemeji yako. Niliitazama Tukuyu, mvua ikipiga bati. Na Idukki, wilaya ya milimani ya akina Georgekutty, ina mashamba ya chai kama hayo ya kwenu Mufindi.

Sehemu ya pili ni ya 2021, Mohanlal na Jeethu Joseph walewale. Anza na ya 2013.