"Umeme wa moyo wangu ni asilimia 62. Ninywe unga wa kuuongeza?"

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, nauza vitenge Morogoro. Kwa miezi mitatu sasa moyo wangu unaruka, hasa usiku nikishalala. Unapiga, unasita, halafu unapiga kwa kishindo. Nilipimwa ECG, ule mchoro wa umeme wa moyo, nikaambiwa iko sawa. Baadaye nikaenda kwenye semina ya afya, nikashikishwa fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta, ikaonyesha kwamba umeme wa moyo ni asilimia 62 na misuli imelegea. Nimeuziwa unga wa kurudisha umeme, sh. 280,000 kwa mwezi. Niunywe? Na kwa nini ECG haikuona tatizo?

JIBU: Marahaba, dada. Usiunywe. Kama umeshaanza, acha leo.

Hizo fimbo nazijua. Wagonjwa wananiwekea mezani karatasi zake, zimebanwa pini vizuri, kila kiungo na asilimia yake: ini, figo, kongosho, moyo. Mashine yenyewe inaniudhi, lakini kinachoniudhi zaidi ni maelezo yanayouzwa pamoja nayo, kwamba moyo ni kama simu, una chaji, chaji inashuka, na kuna unga wa kuijaza. Nimeyasikia mpaka kwa watu waliosoma sayansi.

Moyo hauna betri. Umeme wake ni chumvi inayovuka utando wa seli. Seli ya msuli wa moyo ikiwa imetulia, potasiamu imejaa ndani na sodiamu imejaa nje, na ndani kuna umeme hasi wa milivolti 90 hivi. Ikiamshwa na jirani yake, vilango vidogo kwenye utando vinafunguka na sodiamu inaingia kwa kasi. Kalsiamu inafuata taratibu, na hiyo ndiyo inayoufanya msuli ujikaze. Mwisho potasiamu inatoka na seli inatulia tena. Safari nzima haifiki hata theluthi ya sekunde, na kwa siku inarudiwa kama mara 100,000. Kila chumvi hurudishwa mahali pake na pampu za seli, kwa nguvu ya chakula na hewa unayovuta. Hakuna tangi la umeme linalopungua ili mtu aje kulijaza.

Wala moyo hausubiri amri ya ubongo. Aliyewahi kuchinja kuku ameona: moyo umeshatolewa, uko kwenye sinia, na bado unadunda kidogo. Juu kabisa, kwenye chumba cha juu cha kulia, kuna kifundo cha seli zinazojiamsha zenyewe. Arthur Keith na Martin Flack walikieleza mwaka 1907. Kutoka hapo wimbi hupita seli hadi seli, kwa sababu seli za moyo zina matawi, zimeshikana ncha kwa ncha, na kwenye maungio yao kuna vinjia vya kupitishia chumvi. Msuli wa mkono si hivyo. Kila uzi wake unangoja neva yake. Wimbi likifika mpakani mwa vyumba vya juu na vya chini linacheleweshwa kama sehemu ya kumi ya sekunde, vyumba vya juu vimalize kumimina damu, ndipo vya chini vijikaze.

Sasa huko kuruka kwako. Kwa jinsi ulivyoeleza, inaelekea kuna seli mahali fulani zinazowahi kabla ya zamu yao. Pigo la mapema hukuta chumba hakijajaa, kwa hiyo huwa dhaifu na pengine hulisikii kabisa. Baada yake moyo unasita kidogo, chumba kinajaa kuliko kawaida, na pigo linalofuata ndilo hilo la kishindo. Kwa moyo usio na ugonjwa mwingine, mapigo ya namna hii mara nyingi hayana madhara. Huchochewa na kukosa usingizi, kahawa nyingi, upungufu wa damu, tezi ya shingoni kufanya kazi kupita kiasi, au potasiamu kushuka baada ya kuharisha au kutumia dawa za kukojosha.

ECG haikukosea. Kipimo cha kawaida hurekodi sekunde kumi hivi, na wewe moyo unaruka usiku. Omba kifaa cha Holter, ECG ndogo ya kuvaa mwilini; unakivaa saa 24 au zaidi, unalala nacho, na unaandika saa ulizosikia mruko ili zilinganishwe na mchoro.

Halafu hiyo asilimia. ECG haitoi asilimia ya umeme, na hakuna kipimo kinachoitoa. Willem Einthoven, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hii, alikuwa anawatumbukiza watu mikono yote miwili na mguu mmoja kwenye ndoo za maji ya chumvi, kwa sababu umeme wa moyo husomwa kwa kulinganisha pande mbili za mwili, na unaofika kwenye ngozi ni milivolti moja hivi tu. Hata saa za mkononi zinazopima ECG zinakutaka uziguse kwa kidole cha mkono wa pili. Fimbo moja mkononi haina upande wa pili wa kulinganisha. Asilimia inayotumika kwenye moyo hutoka kwenye echo, yaani ultrasound ya moyo, nayo ni sehemu ya damu iliyojaa chumba cha chini inayosukumwa nje kwa pigo moja. Mzima hafikishi 100; anakuwa kati ya 55 na 70 hivi. Echo ingekuandikia 62, ningekuambia msuli wako unasukuma vizuri. Wauzaji wamechukua namba ya mtu asiye mgonjwa wakaigeuza ugonjwa.

Nasema kwa ukali kwa sababu nimeona mwisho wake. Mzee mmoja mwenye presha na figo zilizochoka, anayetumia losartan na spironolactone, aliletwa miguu imelegea, hawezi kusimama. Kwenye ECG yake mawimbi ya T, yale ya mwisho wa kila pigo, yalikuwa yamechongoka kama mahema, mawimbi madogo ya mwanzo yamepotea, na yale ya katikati yametanuka. Potasiamu ilikuwa imepanda mno. Tulimwekea kalsiamu kwenye mshipa, insulini na glukosi, kisha akasafishwa damu. Alipona. Binti yake alikuja na kopo la unga wa "nguvu za moyo", na kwenye maandishi madogo upande wa nyuma kulikuwa na potasiamu.

Potasiamu ikizidi nje ya seli, ile tofauti ya ndani na nje inapungua, vilango vya sodiamu vinashindwa kujiandaa upya, na wimbi linasambaa kwa kujikokota mpaka moyo unasimama. Figo nzima huitoa ya ziada. Figo mbovu haiwezi, na dawa kama losartan, enalapril na spironolactone huzidi kuizuia isitoke. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa hizo asiguse unga wala "chumvi mbadala", ambayo mara nyingi ni ya potasiamu, kabla ya kumuonyesha daktari. Na asiache vidonge vya presha kwa sababu mashine ya semina imemwambia moyo wake sasa una asilimia 90. Hao nao wanatufikia, na wengine wameshapooza.

Wewe, dada, pima wingi wa damu, tezi, potasiamu na figo, na fanya echo pamoja na Holter. Ukizimia, kifua kikibana, pumzi ikikata ukilala, au kama kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana, usisubiri miadi; nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ubebe hilo kopo, hata kama umelinywa mara moja tu. Daktari atataka kusoma maandishi ya nyuma.