Kabla hujaamini asilimia 96, uliza mbalamwezi ilikuwa wapi

Msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho ukikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wa uhandisi. Wengi huanza vilevile: "Shikamoo kaka. Nimepata makala nzuri ya kitafiti, nataka nitengeneze mfumo wa akili mnemba wa kusimamia umeme wa jua. Unajipima, unatuma data wenyewe, unatabiri. Nianzie wapi?" Nimejibu kwa sauti kwenye WhatsApp hadi koo limekauka, kwa hiyo leo naandika. Nitasimulia nilivyoaibika kwenye mwalo mmoja wa wavuvi kisiwani Ukerewe, maana karibu kila ninachokijua kuhusu jambo hili nilikiokota pale.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mama ana banda la kuchajia betri mwaloni. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huvua usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wamehamia taa za LED zinazotumia betri ndogo. Alfajiri wakirudi, betri zinaletwa bandani, jioni zinafuatwa. Juu ya paa kuna paneli, ndani kuna betri nne kubwa za asidi. Siku nyingine saa kumi jioni zile kubwa zinakauka kabla za wateja hazijajaa, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mama alitaka jambo moja tu: ajue tangu asubuhi kama umeme wa leo utatosha, asije akapokea betri asizoweza kuzijaza.

Mimi nilikuwa nimetoka kusoma rundo la makala za kitafiti, kichwa kinawaka. Badala ya kumpa mama alichoomba, nikampa nilichosoma.

Nianze na kupima, kwa sababu ndiko nilikoharibu mapema kabisa. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7. Ikibaki nusu husoma kama 12.1. Tazama hiyo tofauti: nusu nzima ya betri imejificha ndani ya pointi sita za volti (0.6). Ukikosea pointi moja tu, umekosea karibu asilimia 8 ya betri. Na mimi nilikuwa nasoma volti kwa pini za ESP32, bodi ndogo yenye kompyuta ndani yake, pini ambazo kila fundi aliyezizoea anajua hazisomi kwa mstari ulionyooka, hasa karibu na mwisho wa kipimo. Mita yangu ya mkononi ilisema 12.3, bodi ikasema 12.6. Nikaiamini bodi kwa sababu bodi ilikuwa na grafu.

Halafu volti yenyewe ni mnafiki. Betri ikiwa inachajiwa volti inapanda, ikiwa inatoa umeme inashuka, na vyote viwili havikuambii kilichomo ndani. Inasema kweli ikiwa imetulia. Kwa bahati nzuri banda lina saa za kutulia: usiku betri za wateja ziko ziwani na jua halipo. Kipimo cha saa kumi alfajiri, kabla ya mtumbwi wa kwanza kurudi, ndicho nilichokuja kukitegemea. Mchana nahesabu mkondo unaoingia na unaotoka, alfajiri nairekebisha hesabu kwa volti. Vitabuni utakuta njia hii imevalishwa suti na kuitwa kichujio cha Kalman, kutokana na Rudolf Kalman aliyechapisha hesabu zake mwaka 1960, hesabu zilizokuja kutumika hata kuongoza safari za Apollo kwenda mwezini. Jifunze kichujio hicho, kina thamani. Lakini elewa kwanza kinafanya nini: kina mashahidi wawili wasioaminika kikamilifu, kinampa kila mmoja uzito unaomstahili.

Kuhusu mkondo, onyo moja la haraka. Ile bodi ndogo ya bei nafuu ya kupimia mkondo, INA219, ambayo kila mtu ananunua inapima hadi ampea 3.2 kama inavyokuja dukani. Banda lilikuwa linavuta makumi ya ampea. Harufu ya bodi inayoungua hutaisahau.

Vijana huniuliza pia, "Kaka, si ahamie lithiamu tu?" Ahamie, fedha ikiruhusu. Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma, ambazo timu ya John Goodenough kule Texas ilizitangaza mwaka 1997, zinavumilia kuliko asidi, na mzee yule alikuja kupewa Nobeli ya kemia mwaka 2019 akiwa na miaka 97 kwa mchango wake katika betri za lithiamu. Ila volti yake ni tambarare: katika sehemu kubwa ya katikati betri inaisha huku volti inakutazama tu. Kwa hiyo ule ujanja wangu wa alfajiri hauna nguvu kwake. Ukihamia lithiamu, nunua na kipima mkondo cha maana, la sivyo umenunua tangi lisilo na geji.

Mawasiliano nitayapita upesi, kwa sababu hapo matatizo yangu yalikuwa ya kijinga na dawa zake rahisi. Mtandao wa simu mwaloni upo ukipenda, hivyo nikatumia LoRa, redio ya masafa marefu inayokula umeme kidogo, iliyobuniwa na kampuni ndogo ya Grenoble, Ufaransa, ambayo Semtech waliinunua mwaka 2012. Kipokezi nikakiweka kwenye nyumba ya jamaa mlimani, kwenye intaneti. Ujumbe haukufika. Nikaongeza kipimo cha kusambaza mawimbi hadi cha mwisho, 12, ndipo ukafika kwa kusuasua. Sikujua kwamba kila hatua moja kutoka 7 kwenda 12 inakaribia kuongeza maradufu muda ambao redio iko hewani: ujumbe mfupi ambao kwenye 7 unapita ndani ya chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwenye 12 unachukua zaidi ya sekunde nzima. Nami nilikuwa natuma kila dakika. Kumbe antena nilikuwa nimeining'iniza chini ya bati. Nikaipandisha juu ya mti wa mwanzi, nikarudi kwenye 9, nikatuma vipimo kwa pamoja kila baada ya dakika 15, yakaisha. Kabla hujanunua redio, angalia kwanza masafa ya redio yanayoruhusiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au CA kama uko Kenya. Usinunue tu kwa sababu picha dukani ni nzuri.

Sasa aibu yenyewe.

Nilikusanya data kwa siku 19, kipimo kimoja kila dakika. Mistari 27,360. Nikaichanganya kama karata, robo tatu nikaifundishia modeli, yaani programu inayojifunza kutabiri kutokana na data, robo iliyobaki nikaipimia. Ikapata usahihi wa asilimia 96. Nikapiga picha kioo cha kompyuta, nikaiweka status, watu wakanipongeza.

Wiki iliyofuata mfumo ukaanza kumtumia mama ujumbe kila asubuhi: umeme hautatosha, punguza wateja. Siku ya kwanza akatii, akawarudisha watu waliokuja kuchaji simu na redio. Saa saba mchana betri kubwa zikawa zimejaa pomoni, paneli hazina pa kupeleka umeme. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akanipigia. Hakugomba, na afadhali angegomba. "Fundi, njoo uchukue hiki kitu chako, kinanifukuzia wateja."

Nilipofika nilikaa chini nikafungua kompyuta, natafuta kosa kwenye msimbo. Mzee mmoja alikuwa pembeni anashona wavu. Akaniangalia kwa muda, kisha akauliza, "Kwani fundi hujui kama ni mbalamwezi?"

Dagaa hufuata nuru ya taa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa, nuru imetanda ziwa zima na taa haivuti kitu. Mitumbwi inalazwa, watu wanashona nyavu, wengine wanakwenda kwao kusalimia. Betri za kuchaji zinakuwa chache mno. Siku zangu 19 zote zilikuwa za giza. Modeli haikuwahi kuona mbalamwezi hata siku moja, na mimi niliyekuwa naiona kila mwezi tangu nizaliwe sikufikiria kuuliza.

Lakini mbona ilipata asilimia 96? Hapa ndipo nataka mdogo wangu usome taratibu. Nilipochanganya mistari, kipimo cha saa nne na dakika 15 kiliingia kwenye mtihani, wakati cha dakika 14 na cha dakika 16 vimo kwenye mafunzo. Betri haibadiliki ndani ya dakika moja. Ni sawa na mwalimu akupe majibu ya swali la 14 na la 16 yanayofanana, kisha akuulize la 15. Modeli haikutabiri chochote, ilikuwa inakumbuka tu. Wenyewe wanaita uvujaji wa data, kama mtihani unavyovuja.

Nilijifariji nilipojua siko peke yangu. Mwaka 2023 Sayash Kapoor na Arvind Narayanan wa Princeton walichapisha uchunguzi wao kuhusu uvujaji huu: walikuta fani 17 zilizoathirika, jumla ya makala za kitafiti 294. Hao ni wasomi wenye wahakiki. Kwa hiyo ukikutana na makala inayotangaza asilimia 99, usiishangilie na usiitukane. Ruka utangulizi, ruka michoro ya rangi, nenda kwenye aya inayosema data iligawanywaje. Kama aya hiyo haipo, mimi huifunga.

Nikupe na mfano wa waliofanya vizuri. Mwaka 2019 watafiti wa Stanford, MIT na taasisi ya utafiti ya Toyota walitaka kutabiri betri ya lithiamu itaishi mizunguko mingapi ya chaji, kabla haijaanza kuchoka. Walikuwa na betri 124, zilizoishi kati ya mizunguko 150 na 2,300. Hawakuchanganya mistari. Walifundishia betri 41, wakapimia betri nyingine 43, halafu modeli ikiwa imekwisha kutengenezwa wakaleta data ya betri 40 nyingine mpya. Kwa kutazama mizunguko 100 ya mwanzo walikosea kwa wastani wa asilimia 9.1. Si namba ya kuweka status, lakini hiyo ndiyo namba ninayoweza kuikopea fedha. Na hata hapo, kumbuka betri zile zilikaa kwenye kabati la maabara lenye nyuzijoto 30 wakati wote. Chini ya bati la Ukerewe mchana wa Septemba hakuna kabati. Kwa betri za asidi mafundi tuna kanuni ya mkono kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10, umri unakatika karibu nusu. Tulipozihamishia zile nne upande wa kivulini, juu ya mbao, nadhani tulimsaidia mama kuliko modeli yangu yote.

Nilipoanza upya, nilianza na utabiri wa kipumbavu kabisa: kesho itakuwa kama leo. Basi. Hakuna akili mnemba. Ule utabiri uliishinda modeli yangu ya kwanza vibaya sana. Usicheke, mwaka 2023 watafiti wa Hong Kong walionyesha kwamba modeli nyepesi za mstari ulionyooka zilizipiku modeli kubwa za wakati ule, ndugu wa zile zinazoendesha mashine za kuongea, kwenye data nyingi zilizozoeleka za kutabiri mambo ya wakati, ikiwemo matumizi ya umeme. Andika utabiri wa kipumbavu kwanza, kisha kila unachoongeza kilipe nauli yake.

Nilichoongeza mimi ni safu moja kwenye jedwali: umri wa mwezi. Huhitaji kihisi wala intaneti, unaupata kwa tarehe, mwezi huzunguka kwa siku kama 29 na nusu. Nikakusanya data miezi minne, nikafundishia mitatu, wa nne nikauacha mzima bila kuugusa. Modeli iliyotoka ni ndogo hivi kwamba inakaa ndani ya ile ile ESP32, inaamua palepale bandani. Hata redio ikilala, mama anaona taa: kijani pokea, nyekundu punguza. Inakosea siku mbili tatu kwa mwezi, hasa za mawingu. Namba yake haijafika 96 na siiweki status.

Siku nilipokwenda kumfungia hiyo mpya nilimweleza kwa fahari jinsi mashine inavyojua mwezi una siku ngapi. Akasikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwenye kanga.

"Sawa fundi. Na siku za upepo, ziwa likichafuka, hawaendi vilevile. Hizo umeziweka?"

Sikuwa nimeziweka.