Shangazi, nimekoroga uji wa maziwa na mwiko wa nyama

Mwanangu wa Brooklyn, pole sana, barua yako nimeirudia mara mbili. Unasema unamhudumia bibi wa Kiyahudi, Jumanne asubuhi na usingizi wako ukachukua mwiko wenye tepu nyekundu, ule uliogeuza mchuzi wa ng'ombe jana yake usiku, ukakorogea uji wa maziwa unatokota kabisa, bibi akanywa, ukauosha ukarudisha kwenye droo ya nyama, na shoga yako anakwambia nyamaza, mwiko si umetakata?

Mi nakwambia sema, tena leo.

Manake hapo shida sio uchafu. Torati inakataza mara tatu kumpika mwanambuzi kwenye maziwa ya mama yake, ndo maana Wayahudi wanaoishika wameweka vyombo vya nyama huku vya maziwa kule, na wengi wakila nyama wanakaa masaa 6 ndo waguse maziwa. Kwao chombo kikiwa motoni kinakunywa ladha ya chakula kisha kinaitema kwenye chakula kingine, sabuni haiitoi. We si unaenda kanisani, fungua Walawi 6:28 uone, chombo cha udongo kilichopikiwa nyama ya sadaka kinavunjwa, cha shaba kinasuguliwa na kusuuzwa. Na umekulia Mombasa, unajua jirani Mwislamu sufuria yake ikiazimwa ikapikiwa nguruwe atajisikiaje, hata ikirudi inang'aa, na akigundua ulijua ukanyamaza ndo anaumia zaidi.

Sasa toa mwiko na ile sufuria ya uji uviweke pembeni, usivichemshe mwenyewe kimya kimya ukadhani umemaliza. Mwambie bibi ulivyofanya, usipunguze. Atampigia rabi, kiongozi wao wa dini, usitishike, makosa haya hata majumbani mwao yanatokea na rabi anaulizwa kila mara. Atataka kujua mwiko uligusa nyama ya moto lini, kama masaa 24 yalikuwa yamepita, uji ulikuwa kiasi gani, uliuoshea sinki lipi, basi viandike kwenye karatasi saa hii bado unakumbuka. Sufuria ya chuma huenda ikachemshwa ikarudi kazini, huo mwiko wa mbao aamue rabi.

Kufukuzwa siwezi kukuapia hutafukuzwa, ila kila siku unayonyamaza ile sufuria inapikiwa kingine na vyombo vya kuulizia vinaongezeka. Nenda mwanangu, kabla hajaomba uji wa kesho.