Maswali yenu kuhusu Daniel Freeman na ekari zake 160

Makala kuhusu Daniel Freeman, yule daktari mzaliwa wa Ohio aliyekwenda kulima Nebraska na anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kuomba ardhi ya bure ya serikali ya Marekani, imeleta maswali mengi kuliko nafasi niliyonayo. Nimechagua haya.

Eti alifunguliwa ofisi usiku wa manane? Na huyo askari gani anayetafuta shamba wakati wenzake wako vitani?

Sheria yenyewe ya kugawa ardhi hiyo, Homestead Act, Rais Abraham Lincoln aliisaini tarehe 20 Mei 1862, ikaanza kutumika 1 Januari 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto. Freeman alisimulia kwamba alikuwa mpelelezi wa jeshi la Muungano, yaani upande wa Lincoln, na alitakiwa kurudi kazini haraka. Mkesha wa mwaka mpya akawa mjini Brownville, akambembeleza karani wa ofisi ya ardhi amfungulie mara tu ilipopita saa sita ya usiku.

Hadithi tamu, lakini msimulizi ndiye aliyenufaika nayo, kwa hiyo mimi naipokea nikiipunguza chumvi. Kisicho na ubishi ni karatasi: ombi lake ni la tarehe hiyo, na ndilo namba 1 katika ofisi ya Brownville. Wengine wengi waliandikishwa siku hiyohiyo kwenye ofisi nyingine, na hakuna anayewakumbuka.

Ardhi ilikuwa ya bure kabisa?

Ada zote pamoja zilikuwa kama dola 18. Ulipata ekari 160, yaani kama hekta 65, kwa masharti ya kujenga, kulima na kuishi hapo miaka 5. Bei halisi ilikuwa maksai, plau, mbegu na chakula cha kukufikisha kwenye mavuno ya kwanza. Asiye na kitu kabisa hakufika mbali. Askari waliopigania Muungano walipata nafuu mwaka 1872: muda wao wa jeshini ukahesabiwa kama sehemu ya ile miaka 5.

Serikali ilijuaje kwamba mtu amelima kweli? Huku kwetu mtu angepanda migomba mitatu akaenda zake.

Na kule wapo waliofanya hivyohivyo! Kilichotakiwa ni mashahidi. Ukimaliza miaka 5, majirani wawili wanaapa mbele ya ofisa kwamba wamekuona ukiishi na kulima. Ushahidi uliotolewa kwa ajili ya Freeman ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika habari zake, kwa sababu unakuonyesha shamba zima. Ana nyumba ya futi 14 kwa 20, sehemu magogo na sehemu mbao, sakafu ya mbao. Amelima na kuzungushia uzio ekari kama 35. Kuna zizi, ghala la mahindi, banda la kondoo la futi 100, mitufaha 40 na mipichi kama 400. Kwa kiasi hicho cha matunda, huyu hakuwa mtu wa kulima ili ashibe tu. Hati ilitoka mwaka 1869.

Shikamoo. Nilisoma kwamba walowezi wa nyika ile walikaa kwenye nyumba za udongo. Mbona Freeman ana magogo?

Marahaba. Freeman aliwahi kuchagua mahali: shamba lake karibu na mji wa Beatrice lilipitiwa na kijito cha Cub Creek, na kandokando ya kijito kulikuwa na miti. Waliochelewa walisukumwa magharibi zaidi, kwenye nyasi tupu mpaka upeo wa macho. Hao ndio waliokata ardhi kwa plau, mizizi ikiwa imeishikilia vizuri, wakapanga vipande kama matofali. Nyumba hizo zilikuwa na joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto, ila mvua ikinyesha paa linavuja tope, na nyoka naye alijiona mpangaji.

Kuni hazikuwepo. Walichoma kinyesi kikavu cha nyati, baadaye magunzi au nyasi zilizosokotwa. Mwaka 1874 walikuja nzige, wakala mazao na hata mipini ya majembe. Tarehe 12 Januari 1888 dhoruba ya theluji iliwakuta watoto shuleni au njiani wakirudi nyumbani, na waliokufa walizidi 200.

Mke alimpata wapi huko porini?

Kwa barua. Agnes Suiter wa Iowa alikuwa mchumba wa James, mdogo wake Freeman, aliyefia vitani. Daniel akaanza kumwandikia, wakaoana mwaka 1865, na wakapata watoto 8.

Ardhi hiyo kabla yake ilikuwa ya nani?

Ya Otoe na Missouria, makabila ya wenyeji wa asili wa Amerika. Mkataba wa 1854 uliwaachia eneo dogo kando ya mto Big Blue, si mbali na shamba la Freeman. Nalo likamegwa na kuuzwa kwa walowezi, na mwaka 1881 wakahamishiwa Oklahoma. Anayeiita ardhi ya bure aseme kwanza ilikuwa bure kwa nani.

Ni kweli alipeleka shule mahakamani?

Kweli, tena uzeeni. Mwalimu wa shule ya jirani alikuwa akisoma Biblia, akisali na kuimbisha watoto nyimbo za dini darasani. Freeman akapinga, akashindwa kwanza, akakata rufaa hadi Mahakama Kuu ya Nebraska, na mwaka 1902 akashinda: shule ya umma si mahali pa ibada. Majirani zake wangeweza kuuita ukorofi. Mimi naona ni yuleyule wa Brownville, anayeamini kilichoandikwa kuliko anachoambiwa.

Sheria hiyo bado ipo? Nauliza tu.

Ilifutwa mwaka 1976, isipokuwa Alaska, ambako iliongezewa miaka 10. Fungua mabegi, ndugu yangu.