Mwani Ukishambuliwa na Bakteria: Una Kinga Gani?

SWALI: Asalaam aleikum, mtaalamu. Sisi ni kikundi cha akina mama wakulima wa mwani, pwani ya mashariki ya Unguja. Tangu kaskazi (msimu wa joto) ianze, kotonii yetu, aina moja ya mwani tunaoulima, inatoka mabaka meupe katikati ya matawi, na baada ya siku chache tawi hukatika hapo hapo likachukuliwa na maji. Spinosamu, aina ya pili, iliyo kwenye kamba za jirani haijaguswa. Tumeambiwa ni bakteria, na kijana mmoja wa dukani ametushauri tuvunje vidonge vya rangi mbili (dawa ya kuua bakteria) ndani ya ndoo ya maji ya bahari, turoweke mbegu, yaani vipande vya mwani vya kupanda, humo kabla ya kuifunga. Je, mwani una kinga yoyote ya kwake, au unasubiri kufa tu? Na vidonge hivyo vitafaa?

JIBU: Waaleikum salaam, akina mama. Nianze na vidonge, kwa sababu huenda ndoo imekwisha kuwekwa tayari: msivitumie. Sababu zitaeleweka vizuri zaidi nikishajibu swali la kinga, ambalo ndilo zito.

Ugonjwa mnaoueleza ndio ule ambao Wafilipino waliupa jina la barafu kwa ajili ya weupe wake. Unajulikana huko tangu miaka ya 1970, na mbegu za kilimo chetu kilichoanza Unguja mwaka 1989 zilitoka Ufilipino vilevile. Bakteria wamo kweli: watafiti waliochunguza matawi yaliyoathirika walikuta bakteria mara 10 hadi 100 zaidi ya wale wa matawi mazima, hasa wa jamii ya Vibrio na Cytophaga. Lakini hao hawakuletwa na kaskazi. Wamo majini na juu ya ngozi ya mwani mwaka mzima, na kwa hiyo swali linalofaa ni kwa nini wiki hii wamefanikiwa ilhali mwezi wa Agosti walishindwa.

Kinga mwani unayo, ingawa haifanani na yetu. Hauna damu ya kusafirisha askari kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine, wala haukumbuki ugonjwa wa mwaka jana kama mtoto aliyechanjwa surua anavyoukumbuka. Kila seli hujitetea yenyewe pale ilipo. Jambo linalonivutia zaidi ni namna inavyotambua kuwa imevamiwa. Ukuta wa seli ya mwani wetu umejaa karajini, ile ute ambayo wanunuzi wanaifuata, na bakteria waharibifu wana vimeng'enya vya kuikata ili waile. Ukuta unapokatwa, vipande vidogo vya sukari hubaki vikielea kando ya seli. Mwani wa Gracilaria, ambao ukuta wake ni wa agari, ulipojaribiwa katika maabara kwa kupewa vipande vya agari peke yake, bila bakteria yeyote, ulijibu ndani ya dakika chache kana kwamba umeshambuliwa. Ulichokitambua ni kifusi cha nyumba yake mwenyewe, na adui hakuwapo kabisa.

Jibu lenyewe ni la moto. Seli humwaga haidrojeni peroksaidi, yaani ile dawa ya chupa ya kahawia inayotoa povu ikimwagiwa kidonda, na bakteria walio karibu huungua. Mwani mwekundu mwingi huongeza silaha ya pili: huchukua bromini iliyomo katika maji ya bahari, kiasi cha miligramu 65 kwa lita, na kwa kuitumia pamoja na peroksaidi hiyo hutengeneza kemikali kali kama bromofomu, ambazo bakteria hawazipendi. Upo hata mwani wa Australia, Delisea pulchra, unaotoa kemikali ziitwazo furanoni zinazovuruga ishara ambazo bakteria hupelekeana ili wajue wamefika wangapi kabla ya kuanza uharibifu kwa pamoja. Bakteria hubaki hai juu yake lakini hawaelewani. Nao huo, maji yakipata joto, furanoni zake hupungua na weupe huingia.

Hapa ndipo tatizo la kaskazi linapojitokeza. Peroksaidi haichagui. Ikizidi, humchoma mwenye kuitoa, na katika majaribio ya Gracilaria niliyoyataja ncha za matawi zilipauka ingawa hapakuwa na ugonjwa. Katikati ya miaka ya 1990 wanasayansi wa kwetu, akiwamo Matern Mtolera na marehemu Adelaida Semesi, waliichunguza spinosamu na wakaonyesha kwamba mwanga mkali, kupanda kwa pH ya maji (maji kupungukiwa na uasidi) na kubanana na mimea mingine huufanya mwani umwage peroksaidi kwa kiasi cha kujidhuru. Sasa fikirini dimbwi lenu wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida: maji yamekupwa, jua linaelekea utosini, majani ya bahari yamejaa chini ya kamba na yanafyonza kaboni yote iliyomo ndani ya maji yaliyotuama, kwa hiyo pH inapanda. Hali zote tatu zimekutana mahali pamoja. Mwani umekwisha kuungua kwa moto wake mwenyewe kabla bakteria hawajaanza kazi, na wanapofika wanakuta mlinzi hana kitu mkononi.

Majaribio ya Ufilipino yanakubaliana na picha hiyo. Joto la nyuzi 33 hadi 35, au chumvi iliyoshuka hadi 20 kwa elfu (bahari yetu kwa kawaida ni kama 35), vilitosha kuleta weupe katika kotonii, na bakteria walipoongezwa juu ya dhiki hiyo ugonjwa ulikwenda mbio zaidi. Ndiyo maana mtauona tena masika, mvua kubwa ikimwaga maji yasiyo na chumvi kwenye dimbwi lisilo na mkondo. Spinosamu huvumilia zaidi mabadiliko ya maji mafupi, basi isiwashangaze kwamba imesimama, ingawa bei yake, kama mnavyojua, ni ndogo kuliko ya kotonii.

Turudi kwenye vidonge. Dawa mtakayoroweka asubuhi itakuwa imesambaa baharini kabla hamjamaliza kufunga taitai, zile nyuzi za kufungia mbegu kwenye kamba, na bakteria wapya watakuwa wamerudi juu ya mbegu. Joto la dimbwi litakuwa lile lile. Tena dawa itaua pia bakteria wema wanaofunika ngozi ya mwani na kuwanyima nafasi waharibifu. Wapo mwani wasioweza kuishi vizuri bila wao: mwani wa kijani uitwao Ulva, ukikuzwa pasipo bakteria, haupati hata umbo lake. Na msisahau kwamba karajini huishia katika chakula cha watu, tena dawa inayomwagwa ovyo huzoesha bakteria kuistahimili. Huko Ufilipino wakulima wengine huroweka mbegu katika maji ya mwani wa kahawia wa Ascophyllum, ambao hauui bakteria bali huiamsha kinga na kusaidia ukuaji. Hilo lina mantiki, lakini halitaokoa kamba iliyofungwa mahali pabaya.

Ningekuwa mimi, ningeanza na mahali. Hamisheni kamba za kotonii kwenye maji ambayo hata wakati wa bamvua hubaki yamefika kiunoni na yanatembea, na mwachie spinosamu dimbwi. Achanisheni mashada, msifunge juu ya majani ya bahari yaliyosongamana. Piteni kila maji yanapokupwa mkipapasa matawi: tawi zima ni gumu kama gegedu na hukatika kwa mlio, lililoanza kuugua hulegea baina ya vidole hata kabla halijawa jeupe. Likateni hapo, mkiingia vidole vitatu ndani ya sehemu nzima, na kipande mlichokata kipelekeni ufukweni mkakianike mbali, kisitupwe dimbwini. Ikiwa nusu ya kamba imepauka, vuneni yote bila kungoja wiki sita, kwa sababu bakteria wanaendelea kuila ile karajini mnayoiuza. Mbegu ya msimu ujao ichukueni kwenye mashada yaliyokaa katika dimbwi hilo hilo, wakati huo huo, bila kupauka. Kotonii yetu hupandwa kwa vipande vya mama mmoja, kizazi baada ya kizazi, na shada lililovumilia kaskazi hii huenda likawa na kitu ambacho wenzake hawana.