Maswali na majibu: daftari la usingizi wa watoto kwenye simu

Tumeunda daftari la usingizi linalojazwa na wazazi wa Nyalenda, Kisumu. Mbona watoto wanaonekana kulala saa nane usiku na kuamka adhuhuri?

Mama ameandika 2:00 akimaanisha saa mbili usiku, na 12:00 akimaanisha saa kumi na mbili asubuhi. Fomu imezisoma kwa saa za Kizungu. Jumla inatoka sawa, saa 10, ndiyo maana hamkushtuka mapema. Ila ushauri unaotumwa ni wa kumwahisha kitandani mtoto ambaye tayari huwahi. Na baba akijaza 20:00 jinsi simu inavyoonyesha, kisha mama akajaza 12:00, mtoto amelala saa 16!

Ondoeni kisanduku cha tarakimu. Wekeni vitufe vya maneno, "saa mbili usiku", "saa mbili na nusu usiku", na mfumo uhifadhi 20:00 na 20:30. Usiku nao uitwe kama watu wanavyouita: "usiku wa kuamkia Jumanne". Mkiandika "Jumatatu" tu, aliyelala saa saba usiku atahesabiwa siku isiyo yake. Data ya zamani msiisogeze saa sita kwa mkupuo, kwa kuwa wapo waliojaza Kizungu. Wapigieni simu.

Ushauri wetu kwamba mtoto alale chumbani kwake unachekwa Kaptembwo, Nakuru. Tuweke nini?

Wana haki ya kucheka. Nyumba ni chumba kimoja na pazia. Wekeni yanayowezekana hapo: mpangilio uleule kila jioni (kuoga, kula, mswaki, chandarua, hadithi), tivii izimwe, na saa ya kuamka isibadilike. Mtoto wa miaka mitatu anayegaagaa hadi saa nne usiku alazwe saa nne kwanza. Akisinzia ndani ya dakika 15 kwa siku mbili mfululizo, mwahisheni kwa dakika 15. Wengi hukwama kwa kuruka saa nzima, au kwa kumwacha alale hadi saa tatu asubuhi Jumapili. Usingizi wa mchana uhesabiwe pia: Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 10 hadi 13 kwa siku katika umri wa miaka 3 na 4, ukiwemo huo.

Meseji zetu kwa wenye kabambe (simu ndogo za vitufe) zinakatwa pesa mara tatu. Kwa nini?

Angalieni neno "wanang’ata". Alama iliyo baada ya "ng" ikiwa ya kupinda, iliyonakiliwa kutoka Word, nafasi ya meseji moja hushuka kutoka herufi 160 hadi 70, hivyo meseji ndefu hugawanywa na kulipiwa kama kadhaa. Tumieni iliyonyooka ('). Emoji hufanya vivyo hivyo.

Tuombe jina la mtoto?

Hapana, umri kwa miezi unatosha. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi.

Programu inyamaze lini?

Mzazi akijibu kwamba mtoto hukoroma karibu kila usiku, pumzi hukatika akiwa usingizini, au anatetemeka kama mwenye degedege. Hapo yasifuate maswali mengine wala ratiba. Skrini moja tu, "Mpeleke hospitali". Kwa degedege au pumzi kukatika, iongezwe "sasa hivi".