Saa Inaposema "Unachoma Mafuta"

Kwenye kikundi chetu cha jogging hapa Dar es Salaam, mgeni mwenye saa mpya ya kupima mapigo mkononi huwa na swali lilelile: mapigo ya moyo yakizidi 122, si nitakuwa nimeacha kuchoma mafuta? Wengine hukata mwendo ghafla na kuanza kutembea, wakihofia juhudi zao za kupunguza kitambi zitapotea. Nimekimbia miaka mingi na watu wa kila umri, na nawaambia wazi: namba hiyo haistahili kukusimamisha barabarani.

Inatoka wapi? Saa nyingi huchukua 220, hutoa umri wako, na kinachobaki huitwa kiwango cha juu cha mapigo kwa dakika. Mwenye miaka 45 hupewa 175. Asilimia 60 hadi 70 ya hapo, yaani kama 105 hadi 122, ndiyo "kanda ya kuchoma mafuta". Hayo ni makadirio tu. Moyo wako unaweza kupishana nayo kwa mapigo kumi au zaidi, juu au chini. Tena ipo kanuni ya Karvonen, inayozingatia pia mapigo ukiwa umepumzika. Mtu huyohuyo wa miaka 45, kama moyo wake ukitulia hupiga 70, asilimia 60 kwa Karvonen ni 133. Umri uleule, asilimia ileile, na tayari mapigo 28 yamepishana!

Ni kweli kwamba ukienda taratibu, sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye mafuta, na ukikaza mwendo mwili huegemea zaidi wanga. Ila tazama jumla. Tuseme umetembea nusu saa ukatumia kalori 150, asilimia 60 zikatoka kwenye mafuta: hizo ni 90. Mwenzako amekimbia nusu saa hiyohiyo akatumia 300, asilimia 40 tu zikatoka kwenye mafuta: ni 120. Na kitambi chenyewe hupungua pale unapotumia kalori nyingi kuliko unazokula, wiki baada ya wiki, kwa hiyo sahani ya jioni nayo imo kwenye hesabu.

Hata hivyo mwendo mwepesi naupenda sana, na anayeanza namwanzishia huko. Utaumudu kwa muda mrefu, magoti hayatakulaumu, na kesho utakuwa na hamu ya kurudi.

Kipimo ninachokiamini tumekua nacho tangu shuleni: mchakamchaka. Kiongozi anaanzisha wimbo, kundi linaitikia. Ukiitikia mstari mzima bila kukatika pumzi, uko kwenye mwendo mwepesi. Ukiweza kuongea lakini kuimba kumekushinda, ni mwendo wa wastani. Ukibaki kutoa neno mojamoja, umefika kanda za juu, na huko dakika chache zinatosha.

Joto nalo huvuruga namba. Jua la Januari likishapanda, mwendo uleule wa alfajiri hupandisha mapigo, maana moyo unasukuma damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe, huku jasho likipunguza maji mwilini. Kimbia mapema, kunywa maji.

Na kama unatumia dawa za presha kama atenolol au bisoprolol, kanda za saa zisahau kabisa: dawa hizo huzuia mapigo yasipande, hata ukiwa umechoka hoi. Muulize daktari wako kiwango kinachokufaa kabla hujaongeza mwendo, na ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama hapohapo.